Neno Moroni Kwenye Bahasha za Klorokwini

Djouhara alikuwa amefukuzwa mara mbili kabla hajatimiza miaka thelathini na mitano. Mara ya kwanza alikuwa binti mdogo huko Mahajanga, Madagaska, Wakomoro walipouawa mitaani na walionusurika wakaletwa visiwani Komoro mwaka 1977. Mara ya pili ilikuwa Moroni, mji mkuu wa Komoro, kisiwani Ngazidja, Aprili 1999. Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimetangaza kujitenga, na vijana wenye hasira wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaambia wenye asili ya huko warudi kwao. Djouhara alikuwa na duka la dawa karibu na soko la Volo Volo. Mwenzake dukani, Ikrame, mwanamke wa Itsandra, mwenyeji wa Ngazidja, alisimama mlangoni akawatukana mpaka sauti ikamkauka. Kioo wakakivunja vilevile.

"Kwetu ni wapi?" Djouhara aliwauliza. "Huko mnakonipeleka sijawahi kulala hata usiku mmoja."

Akapanda meli na mabegi yake, akashukia Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, kwa shangazi yake mtaani Hombo.

Hakukaa bure. Chumba cha mbele cha shangazi alikigeuza duka la dawa. Zama zile za mgogoro bidhaa zilikuwa zinafika kwa shida, na vidonge viliuzwa sokoni vimeviringishwa kwenye vipande vya magazeti, asijue mtu vimetoka wapi. Dawa za Djouhara zilitumwa na Ikrame kutoka Moroni, kwenye makopo makubwa, kwa mkono wa Madi, baharia wa boti ya mizigo. Yeye alizigawa katika bahasha ndogo, na juu ya kila bahasha aliandika jina lake, namba ya toleo iliyokuwa kwenye kopo, na maneno mawili: Kutoka Moroni.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomleta Combo. Combo alikuwa mkuu wa vijana wenye silaha waliolinda mtaa ule. Aliingia akiwa na bahasha mkononi na bunduki begani.

"Bweni Djouhara," alisema, akitumia neno la heshima kwa mwanamke ingawa uso haukuwa na heshima. "Hapa jina la Moroni hatulitaji. Futa."

"Dawa imetoka Moroni. Niandike imetoka mbinguni?"

"Andika jina lako, inatosha."

"Haitoshi. Keti, kaka, nikueleze."

Combo hakuketi. Djouhara akamweleza hivyohivyo akiwa amesimama. Alipomaliza masomo alirudi Madagaska kwa muda, akafanya kazi katika kiwanda cha vidonge nje ya Antananarivo. Mle ndani vidonge vilipita kwenye mkanda chini ya mashine yenye macho ya kamera. Kilichovunjika, chenye doa au chenye umbo lisilo lake, mashine ilikipuliza kwa hewa kikaangukia pembeni. Vilivyobaki vilipigwa chapa ya herufi za kiwanda, na kopo likapewa namba, ili kidonge kikimdhuru mtu popote duniani, njia yake ifuatwe nyuma mpaka siku kilipotengenezwa na mkanda kilipopita.

"Mimi hapa sina mashine," alimaliza. "Nina kalamu. Nikifuta Moroni nimekata njia. Mtoto akizidiwa, utamuuliza nani?"

"Watu watasema wewe ni jasusi wao."

"Wao ndio walionivunjia kioo. Mwenye haki ya kuwachukia ni mimi, si wewe. Na bado naandika."

Combo akatoka bila kuaga. Siku chache baadaye vijana wake wakaja na mkokoteni wakabeba makopo yote. Djouhara hakulia wala hakuomba. Alijifunga shiromani, vazi la wanawake wa Nzwani, akaufuata mkokoteni mpaka kituoni kwao, akaketi mbele ya lango. Wakamwambia aondoke.

"Nimeshaondoka Mahajanga, nimeshaondoka Moroni," alisema. "Kuondoka kwangu kumekwisha. Nipigeni risasi au mnirudishie dawa."

Wanawake waliokuwa wakipeleka chakula kwa wagonjwa hospitalini walimwona. Mmoja akaketi kando yake, na wengine wakafuata. Jioni, lango likiwa limezibwa na wanawake, makopo yalirudi Hombo, kasoro moja, na Djouhara akaendelea kuandika vilevile.

Kisha Madi akaja mbio kutoka bandarini. Simu zilikuwa zimekatwa, kwa hiyo Ikrame alimkaririsha ujumbe. Kile kiwanda cha Antananarivo kilikuwa kimetuma taarifa kwa maduka yaliyonunua, likiwamo la Moroni: katika toleo moja la klorokwini, jicho la mashine liliharibika, na vidonge vyembamba kupita kawaida, vyenye nusu ya dawa, vikapita vikachanganyika na vizima. Madi akaitaja namba ya toleo. Djouhara akageukia rafu. Kopo lilikuwa pale, limebaki robo.

Ilimuuma. Mashine aliyokuwa akiisifu ndiyo iliyokosea. Lakini alikwenda moja kwa moja msikitini, akamwomba muadhini atangaze kwa kipaza sauti: kila mwenye bahasha yenye jina la Djouhara na namba ile airudishe, atapewa nyingine bila malipo.

Watu walikuja mpaka mlango ukajaa. Katikati yao alikuwamo Combo, bila bunduki, akiwa na bahasha iliyokunjwakunjwa.

"Mama yangu anainywa tangu juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Homa haishuki."

Djouhara alisoma namba. "Ndiyo hiyo. Mpeleke hospitali sasa hivi, uwaonyeshe bahasha hii wajue alichokunywa. Nenda, usinisubiri mimi."

Mama yake akapona. Combo alirudi kushukuru, kisha akasimama akikuna shingo.

"Bweni, lile neno la Moroni..."

"Litabaki."

"Wakubwa wakiniuliza?"

"Waambie naliandika mimi, waje waniulize mwenyewe."

Hakuna aliyekuja tena kuchukua makopo. Visiwa vilipopatana, Ikrame mwenyewe alivuka kuja Mutsamudu. Kioo kilikuwa kimewekwa kipya, alisema, na duka la Volo Volo lilikuwa linamngoja mwenye duka. Djouhara alimkumbatia, akamkaribisha chai.

"Liendeshe wewe, dada yangu," alisema. "Nitakuja kukutembelea kwa nauli yangu, na nitarudi nitakapotaka. Lakini kuhama, sihami tena, si kwa kufukuzwa wala kwa kuitwa."

Ikrame akacheka, akavua viatu, akaomba kalamu amsaidie kuandika bahasha.