Wekundu Shingoni mwa Mama

Harufu ya samli na iliki ilitupokea getini asubuhi ile ya Machi, mvua zikielekea kwisha. Mama alikuwa akifua nguo kwa bibi mmoja Mhindi mjini Lilongwe, na siku zisizo za shule nilitoka naye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa minibasi. Uani palikuwa na majivu ya moto waliouwasha jana yake jioni. Bibi alitueleza kwa Kichewa kwamba ni Holi: kwao India baridi imekwisha, miti inachipua, wema umeushinda uovu, na siku hiyo hakuna bwana wala mtumishi. Wajukuu zake walirushiana maji na unga wa rangi mpaka ukuta ukawa waridi. Wakanipa bakuli langu, nami nikarusha, nikapiga kelele, nikala maandazi yao yenye nazi tamu ndani. Bibi akampaka Mama unga mwekundu mashavuni na shingoni. Mama akacheka. Tangu tutoke Burundi sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Tulioga kabla ya kuondoka, lakini wekundu haukumtoka Mama shingoni. Jumapili, mwalimu wetu wa Biblia alinivuta pembeni.

"Mama yako alipakwa nini?"

Ningeweza kusema ulikuwa mchezo. Nilimwogopa, tena nilitaka anione mtoto mwema.

"Rangi ya kuabudia sanamu," nikajibu. Bakuli langu sikulitaja.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa walimsimamisha Mama mbele ya watu wote, yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Mmoja akamuuliza, "Na mtoto wako, alikuwa huko?"

Mama alinitazama mara moja tu. "Hapana, mzee. Njo mi peke yangu."

Wakamwondoa kwenye kwaya. Nilibaki nimekaa kwenye benchi, nimeinamisha kichwa. Baadaye walimsamehe, lakini hakuimba tena, hata jikoni.

Siku hizi naishi Lilongwe, nafanya kazi katika ghala moja la Kanengo. Kila Machi nikikutana na watu waliopakwa rangi, wanacheka, mimi hutazama pembeni. Mwaka huu hatimaye nilikwenda Dzaleka kumwomba Mama msamaha.

"We ulikuwa mtoto," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Natamani kumwamini. Lakini nina binti wa miaka kumi, umri ule ule niliokuwa nao wakati ule, na kila siku namwona anavyojua vizuri ukweli upi wa kusema na upi wa kuficha.