Timu Yetu Isishuke Daraja

Juzi wachambuzi wa besiboli kwenye televisheni waliiweka timu ya Washington mkiani mwa kundi lake, hata kabla msimu haujaanza. Nikacheka peke yangu, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, Adelphi, kitongoji cha Marekani karibu na Washington.

Mama alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau, harufu imeingia mpaka kwenye makoti pale mlangoni. Televisheni nayo ilikuwa inasema hayohayo: Washington watakuwa wa mwisho. Nikamuuliza baba itakuwaje. Yeye alikulia Moshi, na mchezo aliokuwa anaujua ni soka.

"Wa mwisho anashuka daraja, mwanangu. Hatutawaona tena hapa."

Tulipokaa mezani, mama akaniambia niombee chakula. Nikaombea na timu, isishuke, ibaki na sisi. Baba aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote.

Washington walimaliza wa mwisho kweli. Msimu uliofuata tukawaona wapo palepale, na baba akanitazama kwa heshima. Tangu hapo kuombea chakula ikawa kazi yangu.

Siku hizi najua kwamba kwenye besiboli yao hakuna timu inayoshuka. Baba sijamwambia mpaka leo.