Zimwi Lililoitika Shikamoo

Boga likiwashiwa mshumaa ndani hutoa harufu ambayo si ya chakula na si ya moto. Kifuniko chake huungua taratibu, utamu unaanza kugeuka uchungu, na moshi mwembamba unatoka kwenye matundu ya macho. Kila Oktoba, maduka ya Johannesburg yanapoanza kutundika popo wa plastiki, harufu hiyo hunijia hata kabla sijaliona boga lenyewe. Nikiinusa tu, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama gizani mbele ya zimwi lenye pembe, nimesahau kila nilichoagizwa.

Nianze na baba, maana bila yeye hakuna zimwi. Alitoka Tanga akiwa kijana, akaishia Troyeville, mtaa wa Johannesburg, kwenye nyumba ya vyumba vingi ambamo sisi tulikuwa na chumba kimoja na haki ya kutumia jiko. Alikuwa mpole hadi mama akawa analalamika. Akikanyagwa barabarani, yeye ndiye anayeomba radhi. Jambo moja tu lilimfanya awe mkali, nalo ni salamu. Mtoto hapiti mbele ya mtu mzima kimya. Nikiamka, shikamoo, nikirudi shule, shikamoo, hata nikitoka kuoga nikakutana naye mlangoni, shikamoo nyingine. "Kutoa salamu ni sunna, kuitikia ni faradhi," alikuwa akisema, na huongeza kwamba mtu mzima asiyemwitikia mtoto amemwacha mtoto huyo nje ya mlango. Shuleni nilisema Kiingereza na Kizulu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia kuliko cha kusema. Lakini shikamoo ilikuwa imeshakaa ulimini, inatoka yenyewe kama chafya.

Mwaka ule baba alikuwa na kibarua kwenye bustani ya michezo, nje kidogo ya jiji. Kazi yake ilikuwa kuwafunga watoto mikanda kwenye vigari vya kuzunguka na kuwafungua wakishuka na kizunguzungu chao. Kilikuwa kibarua cha msimu, cha leo upo na kesho usije. Ndipo meneja, mama wa makamo mwenye nywele fupi na redio ya mawasiliano isiyomtoka mkononi, akaamua kwamba bustani nayo iwe na Halowini. Hadi hapo Halowini tulikuwa tukiiona kwenye televisheni, na pale bustanini hakuna aliyejua vizuri inafanywaje. Wakanyambua pamba kuwa utando wa buibui. Wakachonga maboga meupe ya huku, magumu ya kuvunja visu. Handaki la treni ndogo ya watoto wakaling'olea reli na kulifunika turubai jeusi. Kilichobaki ni mazimwi, na mazimwi yangetoka miongoni mwa vibarua. Meneja akatangaza kwamba watakaoifanya vizuri kazi hiyo wataajiriwa moja kwa moja. Baba akakabidhiwa pembe.

Mama hakupenda. Alisema mambo ya kuwaigiza viumbe wa giza hayana mwisho mwema. Jirani yetu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu na mtu wa kanisa kwelikweli, alikuja mlangoni akiwa bado na kitana mkononi.

"Baba Rehema, ile kazi haiko ya Mungu. Leo wewe unavaa shetani, kesho shetani anakuvaa wewe!"

"Mama Furaha," baba akamjibu, "ni shetani gani huyo anayeripoti kazini asubuhi na kupewa mapumziko ya chai?"

Hata mama alicheka. Halafu baba akafungua mifuko aliyorudi nayo, imejaa nyama ya maboga ambayo wachongaji walikuwa wakiitupa. Mama akaipika kwa nazi na iliki. Harufu ilipofika chumba cha tatu, Mama Furaha alirudi, safari hii na sahani, na baada ya kijiko cha pili akakiri, "Huyu shetani iko mutamu." Wiki ile nyumba nzima ilikula boga asubuhi na jioni, na hakuna aliyepandwa na kitu.

Tatizo lilikuwa baba mwenyewe. Hakujua kutisha. Jioni alivaa pembe na meno ya plastiki, akanguruma mbele ya kioo, kisha akanigeukia kwa wasiwasi: "Nimekutisha sana?" Masharti ya meneja yalikuwa mawili, zimwi halimgusi mtu na zimwi halisemi. Likisema tu, uzimwi wake umekwisha. Ijumaa, aliporudi kutoka kuswali msikitini Mayfair, aliniketisha kitandani.

"Kesho utakuja. Utanipita kama hunijui. Ukinijua, kazi imeharibika, na kazi ikiharibika, chumba hiki nacho ndiyo basi. Umenielewa?"

Nilimwahidi kwa moyo wangu wote.

Jumamosi mama alinipeleka mimi na rafiki yangu Thandeka, tuliyesoma naye darasa moja. Mwenyewe alikataa kuingia. Alikaa kwenye benchi na tasbihi yake akituombea, maana aliona tumeamua kwenda kuyatafuta matatizo kwa miguu yetu.

Ndani ya handaki palinuka boga lililoungua. Pamba ilinishika usoni. Zimwi la kwanza liliruka kutoka kwenye kona na Thandeka akapiga kelele za furaha. La pili nalo likaja, nikacheka kwa sauti iliyo juu mno. Nilijua baba ni mmojawapo wa mazimwi matatu, na nilijua kwamba hao wawili walikuwa wafupi kuliko yeye. Lakini yale unayoyajua mwangani, gizani hayakusaidii kitu. La tatu liliinuka polepole, pembe zikigusa turubai, likainama hadi meno yakawa usawa wa uso wangu. Nilimtafuta baba kwenye matundu ya macho na sikumwona. Ndipo nikahisi, au nilitamani tu kuhisi, harufu ya dawa ya karafuu ambayo mama alimchulia baba goti, na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Shikamoo, baba."

Zimwi likatulia. Nyuma yake pazia la kutokea lilikuwa limefunuliwa kidogo, na meneja alikuwa amesimama pale na redio yake. Kisha, kutoka nyuma ya meno ya plastiki, sauti ya Tanga kabisa ikasema:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Hayibo!" Thandeka akapayuka. "Rehema, kumbe hili zimwi ni la kwenu?"

Kicheko kilianzia kwetu kikarudi nyuma kwenye foleni, na watu waliokuwa wakipiga mayowe wakawa wanashika mbavu. Mimi nilitoka mbio, nikajitupa mapajani kwa mama nikilia kwamba kibarua cha baba kimeota nyasi. Mama alikuwa akimtazama baba. Tasbihi ilikuwa imesimama vidoleni mwake. Baba alikuwa ameitwa pembeni, pembe bado kichwani, mikono nyuma kama mwanafunzi, na meneja akimsema huku akimnyooshea kidole. Wingu la mvua ya mchana lilikuwa likijikusanya juu yao. Nilikuwa nawaza chumba chetu, na dirisha lake, na ningelala wapi.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na mtoto mdogo wa kike aliyekuja na bibi yake. Tangu asubuhi walikuwa wakipanga foleni, wakifika kwenye turubai mtoto anaangua kilio, wanarudi nyuma. Thandeka, ambaye hajawahi kukaa na habari, alikuwa ameshamtangazia kila mtu kwamba lile lenye pembe ukiliambia "shikamoo" linaitika. Mtoto yule akasogea hadi kwa baba, pale pale mbele ya meneja, akajificha nusu kwenye sketi ya bibi yake, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

Baba akamtazama meneja. Meneja naye akamtazama baba.

"Marahaba," baba akasema.

Mtoto aliiachia sketi. Alicheka, akamvuta bibi yake kuelekea handakini. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, wengi wao wale waliokuwa wamelia mlangoni. Yule bibi, akivutwa hivyo hivyo, alimgeukia meneja akamwambia kwamba yeye alimleta mjukuu wake kwenye sherehe, hakumleta akatafute ndoto mbaya. Meneja akaongea na redio yake kwa muda mrefu. Alipomaliza akamwambia baba: mchana, kwa wadogo, unaitika; jioni, kwa wakubwa, kimya kama kaburi.

Ndivyo ilivyoanza pale kwetu. Mwaka uliofuata mchana wote ulikuwa wa wadogo, kila mlango una peremende. Baadaye yakaja maandamano ya watoto waliovaa mabawa na mikia, wengine ndani ya vigari vya kusukumwa, baba na pembe zake mbele. Sisemi kwamba bustani zote zilijifunza kwa baba yangu. Kila mahali pana kisa chake. Ila mwisho wa mwezi wa Halowini ile ya kwanza aliajiriwa moja kwa moja, na mama, akimpakulia boga, alisema huku akicheka, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Kwa kazi ile nilisoma hadi mwisho, na kwa hilo nashukuru hadi leo.

Nyumbani kisa hiki tulikiita siku baba alipojisahau. Kilisimuliwa kila Idi, na baba mwenyewe alitikisa kichwa na kukubali kwamba, naam, alijisahau.

Oktoba iliyopita alikuja kututembelea kutoka Tanga, alikorudi baada ya kustaafu. Nilimpeleka bustanini pamoja na binti yangu Zuhura, ambaye Kiswahili chake ni haba kuliko hata changu. Sasa Halowini huchukua mwezi mzima, na maua ya mijakaranda huanguka juu ya makaburi ya plywood. Kwenye lango la wadogo alisimama kijana mwenye pembe. Zuhura akasema shikamoo, naye papo hapo akaitika, "Marahaba!" Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akainua kinyago, jasho linamtiririka.

"Eish, dada, hiyo ni lugha ya mazimwi. Tunafundishwa wote, siku ya kwanza ya kazi."

Baba alicheka hadi akavua kofia kujifutia macho. Tulipokaa kwenye benchi nikamwambia, "Unaona, baba? Yote haya kwa sababu ulijisahau."

Aliirudisha kofia kichwani.

"Sikujisahau, Rehema. Meneja nilimwona, amesimama pale pale. Lakini nilisikia sauti yako."

Miaka yote nilidhani ile ilikuwa chafya tu, yangu na yake. Kumbe mtoto aliyeagizwa asimjue baba yake, akamwamkia hivyo hivyo, hakuwa akionyesha adabu. Nilikuwa nauliza kama ni yeye. Baba alilisikia swali, akajua jibu lake huenda likamgharimu kazi na chumba, na hata hivyo hakukubali niachwe nje ya mlango.

"Shikamoo, baba," nikasema. Tulikuwa tumeshaamkiana tangu asubuhi.

"Marahaba, mwanangu," akaitika. "Hujambo?"