Msumeno Niliouua kwa Skrubu Moja

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapomwona kijana anashika bisibisi kabla hajaitazama mashine.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma yangu ya ufundi mitambo, na nilitaka kila mtu kuanzia Shinyanga hadi Geita ajue. Sioni aibu kulisema hilo. Baba yangu alichunga ng'ombe, mimi nilijisomesha kwa kubeba zege, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika cheti kama kile kabla yangu. Leo nina karakana yangu Ngokolo, mjini Shinyanga. Misumeno ya mnyororo, chenso kama tunavyoiita, inaletwa kwangu kutoka mbali, na ikitoka mikononi mwangu hairudi na ugonjwa uleule. Nimeyapata haya kwa jasho. Lakini jambo kubwa kuliko yote ninalolijua kuhusu chenso sikulipata chuoni. Nililipata siku nilipoua ya kwangu mwenyewe.

Mama Shija alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita. Matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, yalikuwa yameoza upande mmoja, na ukuta ulishaanza kumwaga changarawe. Mzee Lushinge, aliyekuwa akipanga matimba katika mashimo yale tangu mimi sijaota ndevu, alisema hashuki mtu mpaka yaingie magogo manane mapya. Kazi ya kuyakata nikapewa mimi. Nikamwahidi Mama Shija kwamba saa saba mchana yote manane yatakuwa mdomoni mwa shimo.

Sasa sikiliza kosa la kwanza, maana kosa huja na ndugu zake. Jioni iliyotangulia niliuacha msumeno kwenye kibanda cha karasha, ile mashine ya kusagia mawe, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na kufuli. Vumbi la karasha unalijua: jeupe, laini kuliko unga wa sembe, linaingia hata ndani ya saa ya mkononi. Asubuhi niliufuta msumeno kwa kitambaa ukang'aa, nikaona nimemaliza. Sisi watu wa machimbo tunaishi na vumbi mpaka hatulioni tena.

Shamba la mikaratusi lilikuwa hatua chache kutoka kwenye duara. Magogo mawili ya kwanza yalikatika vizuri. La tatu, msumeno ukaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Mzee Lushinge akaja taratibu, mikono nyuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane," alinisalimu Kisukuma. Mwanangu, habari ya asubuhi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona unakohoa huo? Fungua hapo nyuma, filta ya hewa uipulize. Msumeno huo umelala kwa karasha."

"Hapana, Mzee. Hiyo ni kabureta, inapitisha petroli nyingi. Nimesomea hayo."

Bahati, mchimbaji aliyekuwa akibeba magogo, akacheka. "Mwache Bwana Diploma, Mzee. Atautibu kwa Kiingereza."

Nikachukua bisibisi nikaikaza skrubu ya kabureta, kupunguza petroli. Moshi ukapungua. Nikamtazama Mzee kwa jicho la kusema umeona. Akarudi zake mdomoni mwa shimo.

Gogo la nne likakatika, lakini kwa shida. La tano ndiyo kabisa. Na badala ya kutoa vipande vya mti, cheni ilikuwa ikitoa unga, dalili kwamba meno yamekuwa butu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi sikutazama juu. Niliukandamiza msumeno kwa nguvu zangu zote.

Lilipokatika nikazunguka nyuma ya rundo la magogo, ambako hakuna aliyeniona, nikafungua kile kifuniko cha nyuma. Filta ilikuwa imeziba kwa vumbi kama kipande cha chokaa. Mzee alisema kweli. Nikaipiga-piga gotini, nikaipuliza, nikairudisha harakaharaka. Sikutaka Bahati anione nikifanya alichosema mzee asiyejua hata kuandika jina lake. Na kwa sababu nilikuwa najificha, sikukumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja angelikumbuka: ile skrubu bado nilikuwa nimeikaza.

Elewa hapa taratibu, kwani ndipo ilipo elimu. Filta ikiziba, hewa inakuwa kidogo na petroli inaonekana nyingi. Mimi nikaipunguza petroli. Kisha nikaisafisha filta, hewa ikarudi yote, petroli ikabaki kidogo. Na katika chenso, oili inayolainisha injini imechanganywa ndani ya petroli hiyohiyo. Ukiinyima petroli, umeinyima na oili.

Niliuwasha. Ukalia kwa sauti kali, nyembamba, tamu masikioni mwa mjinga. Nikaingia gogo la sita nikitabasamu. Kabla sijafika katikati, msumeno ulinyamaza ghafla. Nikaivuta kamba ya kuwashia, haikusogea hata kidole kimoja. Injini ilikuwa imenoki, pistoni imegandana na silinda.

Bahati alikuwa ameshapeleka matano mdomoni mwa shimo. Nilipofika huko nikamkuta amejifunga mkanda wa kushukia, na wenzake wawili nyuma yake.

"Tunaanza kupanga haya," alisema. "Jua linakwenda. Fundi, yaliyobaki si yanakuja?"

Mama Shija akanigeukia. "Saa ngapi, fundi?"

Mzee Lushinge hakuuliza saa. Aliuliza, "Umegusa nini kwenye huo msumeno?"

"Sijagusa kitu, Mzee. Unapumzika tu. Yanakuja."

Nilisema hivyo, mwanangu. Nayasikia maneno yale mpaka leo. Bahati akaishika kamba, akageuka kinyumenyume, mguu mmoja ukaingia shimoni. Alikuwa ananiamini mimi, fundi mwenye cheti. Matano yangesimama upande mmoja, na yeye angekaa chini ya ukuta unaomwaga changarawe akisubiri matatu ambayo hayangekuja. Nikaona kisogo chake kinashuka usawa wa ardhi.

"Bahati, panda," nikasema. "Hayaji. Msumeno umekufa. Nimeuua mimi. Niliigeuza skrubu nikaficha."

Akapanda. Akafungua mkanda, akaenda kukaa mbali nami. Mama Shija alisema neno moja tu, "Looh," nalo liliuma kuliko matusi.

Mzee Lushinge akaleta msumeno wa mkono, ule wa kuvutwa na watu wawili. Akanipa upande mmoja. Tulivuta mpaka jua likaelekea kuzama, malengelenge yakanipasuka viganjani. Kwenye gogo la mwisho ndipo aliponisemesha.

"Diploma yako ni nzuri. Ningekuwa nayo, ningeivaa shingoni. Lakini mashine haijui nani amesoma."

"Nisamehe, Mzee."

"Kuharibu si kosa kubwa. Mimi nimeharibu mangapi. Ulipofungua ile filta kwa siri, ungeniita tu. Ningekuuliza, 'Na skrubu umeirudisha?' Mficha uchi hazai, ng'wanawane. Na wewe ulitaka kutuzikia wengine."

Ukuta haukuanguka siku ile, wala iliyofuata. Matimba yaliingia, kazi ikaendelea. Nakwambia hivyo ili usidhani uongo huadhibiwa papo hapo. Wangeshuka, huenda wangepanda salama, na mimi ningebaki nikiamini kwamba uongo mdogo wa fundi hauna madhara. Wapo wanaoamini hivyo. Wengine tumeshawazika watu waliowaamini.

Basi, wewe unayeanza kushika chenso, shika na haya. Kila jioni fungua filta, isafishe, na usiilaze mashine karibu na karasha hata kama kufuli ya dhahabu iko huko. Petroli na oili changanya kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Kukadiria kwa macho waachie wapika uji. Oili ya cheni iwe imejaa kila ujazapo petroli. Cheni ikitoa unga, usikandamize: zima injini, vaa glovu, shika tupa ya mviringo, noa kila jino kwa idadi ileile ya mipigo, kwa upande ule ule inakotazama ncha yake. Cheni isining'inie, wala isikaze mpaka ishindwe kuzungushwa kwa mkono. Breki ya cheni ijaribu kabla ya mti wa kwanza. Na mashine ikikataa, anza na vinavyoonekana: petroli ipo, filta safi, plagi kavu. Kabureta iwe mlango wa mwisho kubisha. Ukigusa kitu kisisaidie, kirudishe kilipokuwa kabla hujagusa kingine.

Hayo utayajua kwa mwezi mmoja, ukiwa na bidii kama yangu labda kwa wiki mbili. Lililo gumu ni hili la mwisho. Ukiulizwa umegusa nini, jibu ulichogusa. Jibu hata kama aliyeuliza hana cheti, hata kama wenzako watacheka. Watu wanashuka mashimoni, wanapanda miti, wanasimama chini ya magogo kwa sababu fundi amesema ni salama.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na masikio ya kuusikia mlio wa mashine na neno la aliyekutangulia. Vidole vyako vyote kumi vizeeke pamoja nawe. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akutilie ukweli mdomoni wakati mwenzako bado ana mguu mmoja juu ya ardhi.