Mvua ya Kesho

Harufu ya vumbi linapopata matone ya kwanza wenzangu huisifu. Mimi hufunga dirisha. Niwaambieni kwa nini, maana hapa Mokowe wananiona nina kiburi cha bure.

Mwaka ule jabia letu kule kisiwani Ndau, lile birika kubwa la kukingia maji ya mvua, lilibaki matope na vyura. Baba alileta maji kwa boti kutoka bara, mitungi ikinuka dizeli, na chai yetu ikanuka vivyo hivyo. Akachoka. Akasema isiponyesha kabla ya Ijumaa tunahama, na bibi mzaa mama abebwe hivyo hivyo alivyo. Bibi alikuwa mgonjwa wa kitandani, hata kugeuzwa ubavu alilia.

Skuli tulikuwa tukifundishwa neno "rain". Mwalimu, mtu wa bara, alisema neno hilo lina kazi nyingi: huwa jina, huwa kitendo, huenda na wakati uliopita na ujao. Sisi kila sentensi ya wakati ujao tuliimalizia kwa inshallah, naye akiikata kwa wino mwekundu. Alhamisi nikarudi nyumbani naimba, "It will rain tomorrow."

"Wasema nini?" mama akauliza.

"Kesho itanyesha mvua."

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

Mama akajifunga leso kiunoni, akashuka jabiani, akakomba matope yote. Jirani walipouliza, akawajibu kwa sauti ya kufika barazani kwa baba, "Skuli wamesema kesho kuna mvua." Baba aliiheshimu skuli kupita kiasi. Akasema basi tungoje.

Haikunyesha kesho wala keshokutwa. Baba akaniita mwongo mbele ya watu. Nililia nikimngoja mama anitetee, naye yuko ndani amlisha bibi uji. Jumapili bibi akafa kitandani mwake. Tulipokuwa tukirudi kutoka mazikoni, yakaanguka matone machache, hata kata ya kutekea maji hayakujaza. Wiki hiyo tukahamia huku bara.

Nilimwekea mama kinyongo mpaka nilipokuja kumuuguza yeye. Siku moja nikamuuliza habari ya mvua ile, akacheka kidogo.

"Nilijua ni somo, mwanangu. Na mimi nilisoma. Lakini nyanyako hangefika bara yu hai, na babako hakuwa mtu wa kusikia neno langu. Nikaazima lako."

Nikaendelea kumpaka mafuta miguuni. Miaka yote ile nimeona haya kwa uongo, na wala haukuwa wangu.