Tangi Lililovuja Kabla ya Kujengwa

Haya, chekeni, mimi mwenyewe nimeshajicheka, ila mpaka leo nikisikia neno "tangi" natafuta pa kuficha uso.

Mama mdogo, katibu wa kamati ya maji kijijini kwao Handeni, alinipigia nikiwa Manundu, kwenye kibanda changu cha kutengeneza katuni za matangazo. Alitaka katuni ya maji yakishuka kutoka tangini hadi bombani, waionyeshe mkutanoni ili Mzee Mhina (mwenye kilima cha pekee kijijini, na ubishi wake mnausikia hadi Mombo) akubali tangi lijengwe juu ya shamba lake. "Ukifanikisha hili, mwanangu, naachana na ndoo za lambo, lile bwawa tunalogombania na ng'ombe," aliniambia.

Basi, kompyuta ilikuwa inakokotoa mwendo wa maji taratibu mno, na basi halisubiri mtu, nikapunguza hatua za mahesabu kwa kila picha, yaani mara ambazo kompyuta inakagua tone liko wapi (nani atajua?), nikatazama mwanzo tu, maji yanang'aa, nikafunga safari.

Mkutanoni nikawaamkia wazee, nikabonyeza katuni ianze. Tangi likajaa, watu wakapiga makofi, mara naona maajabu! Maji yanapenya ukuta wa tangi kama ukuta ni kitenge, maana hatua zikiwa chache, tone linaruka kutoka ndani hadi nje bila kompyuta kugundua kwamba katikati pana ukuta. Yakaporomoka kilimani, yakazoa mahindi yote niliyoyachora kwa mkono wangu.

"Lile si shamba langu?" akauliza Mzee Mhina.

Badala ya kusema ukweli nikajibu eti ile ni mvua, mzee.

"Mvua inatoka tangini?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Nikaongeza uzito wa maji ili yasipenye, nikaanza upya, na bombani kikatoka kitu kizito kinachojikunja ndooni.

"Jamani, huo si uji?" mama mmoja akapaza sauti.

Mzee Mhina hakucheka. Alivaa kofia yake, akasimama. "Kama la kwenye picha limevuja, la kweli je?"

Katuni nimeshaitengeneza upya, haivuji hata tone, ila mzee hataki kuiona. Nimeapa sitamwonyesha mtu kazi ambayo sijaitazama hadi mwisho. Jana Mama mdogo alinipigia, wala hakunilaumu, aliomba tu tuongee upesi, anawahi lamboni kabla ng'ombe hawajaingia.