Helmeti Haina Mkwaruzo

Wiki iliyopita nilikuta vijana wa kijiwe cha bodaboda, hapa kwetu Sumbawanga, wamezunguka simu moja wanacheka mpaka machozi. Nikachungulia. Mtu karuka kutoka kwenye ndege, helmeti ikamchomoka kichwani ikapotelea mawinguni.

"Bwege huyu," alisema mwenye simu. "Unaachaje kufunga kamba ya kidevuni?"

Akaja mama wa makamo, anakwenda Kasense. Mwenye simu akampa helmeti ya abiria. Mama akapapasa chini ya kidevu.

"Mwanangu, mbona haina kamba?"

"Niliikata nikafungia gunia la mahindi, mama. We ishikilie tu. Tunakwenda hapo Kasense, siyo angani."

Wakacheka tena. Mama naye akacheka, akapanda, mkono mmoja kichwani, mwingine begani kwa dereva.

Upepo wetu wa Ufipa mnaujua. Hawajafika hata kwenye kona, ukainyanyua ile helmeti. Mama akaachia bega aidake, akapiga kelele, na dereva akakanyaga breki ghafla. Mama akaangukia lami, kichwa kitupu.

Tulikimbia. Wengine tukambeba mama. Mmoja wa wale vijana aliifuata helmeti mtaroni, akaigeuzageuza, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Afadhali," akasema, "haina hata mkwaruzo."

Yule bwege wa mawinguni alikuwa na parachuti, akatua salama. Mama yuko wodini, hajafumbua macho mpaka leo. Helmeti ilirudi kazini kesho yake asubuhi, na kamba bado haina.